Tovuti ya chuo chetu haisomeki kwa wanafunzi wenye ulemavu: nianzie wapi?

"Mimi ni afisa wa TEHAMA katika chuo cha ufundi mjini Kisumu. Muhula huu tumepokea wanafunzi kadhaa wenye ulemavu: wawili hawaoni, mmoja ni kiziwi, na mwingine mikono yake ni dhaifu kiasi kwamba hawezi kutumia kipanya. Mmoja wa wale wasioona alishindwa kabisa kujisajili mtandaoni, akalazimika kumpa mhudumu wa saiba nenosiri lake ili amjazie fomu. Mkuu wa chuo ameudhika, na sasa anataka nitengeneze tovuti ndogo ya pili, ya maandishi matupu, kwa ajili ya wanafunzi hao. Wakati huohuo, muuzaji mmoja ametuletea programu ya kupachika kwenye tovuti, yenye kitufe chenye picha ya kiti cha magurudumu, na anadai kwamba itamaliza tatizo kwa siku moja, kwa malipo ya kila mwaka. Tovuti hii sikuijenga mimi, lango la wanafunzi, yaani sehemu ya mtandaoni wanamojisajilia na kulipia karo, ni la kampuni ya nje, na bajeti yangu ni ndogo mno. Nishike lipi?"

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu njia mbili ulizowekewa mezani, lakini ndani ya barua yako mna jambo zito zaidi, nalo ni yule kijana aliyetoa nenosiri lake kwa mtu asiyemjua. Katika lango hilohilo ndimo mlimo alama zake, salio la karo yake, nambari ya kitambulisho na simu ya mzazi. Kwa hiyo nitajibu nikimtazama yeye. Ushauri wangu ni kwamba usijenge tovuti ya pili na usinunue kitufe. Chukua njia moja tu, ile anayopita mwanafunzi tangu anaposoma tangazo la nafasi za masomo hadi anapopata risiti ya karo, uirekebishe mpaka aweze kuipita mwenyewe. Mengine yatafuata.

Ili uweze kumweleza mkuu wako sababu, ni vizuri kwanza kufahamu jinsi mwanafunzi asiyeona anavyotumia tovuti. Wengi hudhani kwamba anahitaji ukurasa wake wa pekee au kompyuta ya aina nyingine. Sivyo. Kompyuta ni ileile, na juu yake huwekwa programu ya kusoma skrini. Kwenye Windows ipo NVDA, ambayo ni ya bure, na ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, aliyeungana na mwenzake asiyeona, James Teh. Kwenye simu nyingi za Android imo TalkBack, na kwenye iPhone imo VoiceOver. Programu hizi hufuata msimbo ulio nyuma ya ukurasa, si sura ya ukurasa wenyewe. Humo hutafuta mahali palipoelezwa kwamba hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe, na hili ni sanduku la kuandikia tarehe ya kuzaliwa, kisha huyatamka hayo kwa sauti au kuyapeleka kwenye kifaa cha Breli. Jambo ambalo msimbo haukulitaja, mwanafunzi hana namna nyepesi ya kulijua.

Anayeona hurusha jicho mara moja tu, akaona palipo na ada na palipo na ratiba. Asiyeona yuko katika hali ya msikilizaji wa redio, ambaye hupokea neno baada ya neno kwa mpangilio alioamua mtu mwingine. Kinachomwokoa ni njia za kuruka. Akiwa kwenye NVDA, akibonyeza herufi H anakwenda kwenye kichwa kinachofuata, K inampeleka kwenye kiungo, F kwenye sehemu ya fomu na T kwenye jedwali. Lakini ikiwa aliyejenga ukurasa alifanya maneno "Ada za Muhula" yaonekane kama kichwa kwa kuyakuza na kuyakoza tu, bila kuyawekea alama ya kichwa katika msimbo, herufi H itayapita kana kwamba hayapo, na mwanafunzi atalazimika kusikiliza menyu yote, salamu za mkuu wa chuo na habari za sherehe ya mahafali kabla hajafika anakotaka. Ukurasa huo unaweza kuwa na sura nzuri kabisa na bado usimfae.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaumiza wanafunzi zaidi ya yote katika vyuo vyetu, nalo halihitaji hata shilingi moja kulirekebisha. Utaratibu wa ofisi nyingi ni huu: tangazo huandikwa kwenye kompyuta, huchapishwa, hutiwa saini na muhuri, hupitishwa kwenye skana, kisha faili la PDF hupandishwa kwenye tovuti. Kilichopandishwa hapo si maandishi tena, ni picha ya karatasi. Programu ya kusoma skrini ikilifungua faili hilo, aghalabu hutangaza kwamba ukurasa ni mtupu. Zipo programu za kutambua herufi zilizo ndani ya picha, lakini muhuri ukikaa juu ya maneno, au karatasi ikiwa imeingia upande, au ada zikiwa zimepangwa katika jedwali lenye safu nyingi, matokeo huvurugika, na mwanafunzi husomewa kiasi cha malazi mahali pa ada ya mtihani. Mabango ya rangi yenye tarehe ya mwisho ya kutuma maombi yana kasoro hiyohiyo, kwa kuwa tarehe imo ndani ya picha na haipo penginepo.

Najua utaambiwa kwamba tangazo lisilo na muhuri haliaminiki. Hoja hiyo ina uzito, na huhitaji kushindana nayo. Weka maandishi yenyewe kwenye ukurasa wa tovuti, yakiwa na vichwa na jedwali halisi, kisha chini yake weka kiungo cha nakala yenye muhuri kwa yeyote anayeihitaji. Ikiwa ni lazima liwe faili la PDF, basi litolewe moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia, na mwandishi awe ametumia mitindo ya vichwa iliyomo katika programu hiyo badala ya kukuza herufi kwa mkono. Mfundishe karani wa ofisi ya registra jambo hili katika asubuhi moja. Wanafunzi wanaotumia bando ndogo za intaneti nao watakushukuru, kwa kuwa ukurasa wa maandishi hufunguka haraka kuliko faili lililojaa picha.

Baada ya matangazo, itazame fomu ya kujisajili. Kila sanduku la kujazia linapaswa kuwa na lebo iliyofungamanishwa nalo katika msimbo kwa alama ya "label". Waundaji wengi huacha lebo na kuweka maandishi hafifu ndani ya sanduku, yale yanayotoweka mtu anapoanza kuandika. Baadhi ya programu huyatamka na nyingine huyaruka, na hata mtu anayeona lakini mwenye shida ya kukumbuka hupotea katikati ya fomu. Kosa likitokea, lisionyeshwe kwa kugeuza mpaka wa sanduku kuwa mwekundu peke yake, bali liandikwe kwa maneno: "Nambari ya simu imepungua tarakimu moja." Vile vile, kama kuna fumbo la kubainisha herufi zilizopindapinda ili kuthibitisha kwamba mtu si mashine, liondolewe au pawepo njia nyingine, kwa maana hapo ndipo safari ya asiyeona hukatika kabisa.

Malipo yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwanafunzi anapolipa kwa M-Pesa kupitia lango, ujumbe wa kuomba PIN hutokea kwenye simu huku ukurasa ukihesabu muda. Anayetumia TalkBack hutelezesha kidole kutoka kitu kimoja hadi kingine na kugonga mara mbili ili kuchagua, kwa hiyo anahitaji muda mrefu kuliko jirani yake, na mwenye mikono dhaifu pia. Miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, WCAG, inataka mtumiaji aonywe kabla muda haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi. Waulize wenye lango kama jambo hilo limewekwa. Mwanafunzi anayetupwa nje ya ukurasa mara tatu atampa mtu mwingine simu yake na PIN yake, na sijui kama kuna mzazi ambaye angependa hilo limpate mwanawe.

Kuhusu mwanafunzi wako ambaye hawezi kutumia kipanya, kuna jaribio utakaloweza kulifanya leo. Chomoa kipanya, kisha jaribu kujisajili kwa kutumia kibodi pekee: kitufe cha Tab cha kusogea mbele, Shift na Tab cha kurudi nyuma, na Enter au kitufe cha nafasi (Space) cha kuchagua. Angalia kama unaona mahali ulipo wakati wote, kwa kuwa wasanifu wengi huuondoa ule mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa wakidhani unaharibu sura. Angalia pia menyu zinazofunguka tu pale kipanya kinapopita juu yake. Popote utakapokwama, mwanafunzi huyo amekwama pia, na asiyeona naye yupo hapohapo, kwa sababu naye hategemei kipanya.

Mwanafunzi kiziwi mara nyingi husahauliwa, kwa dhana kwamba tovuti ni ya kusoma na yeye anaona. Lakini tazama ukurasa wenu wa mawasiliano: kama njia pekee ya kuuliza ni nambari ya kupiga simu, mmemfungia mlango. Wekeni barua pepe na nambari inayopokea ujumbe wa maandishi au WhatsApp, na pawe na mtu wa kujibu. Video za maelekezo ziwe na manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa chini ya picha. Manukuu yanayojitengeneza yenyewe ni mwanzo mzuri, lakini hukosea mno mzungumzaji anapochanganya Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, kwa hiyo lazima mtu ayapitie na kuyasahihisha. Ikumbukwe pia kwamba kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kiingereza kilichoandikwa ni lugha waliyojifunza shuleni. Video fupi ya mkalimani akieleza hatua za kujisajili, akionekana wazi na si ndani ya kidirisha kidogo pembeni, itakuwa na manufaa kuliko aya kumi za kanuni.

Yapo mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Maandishi ya kijivu juu ya mandhari meupe huwachosha wenye uoni hafifu; uwiano wa utofautishaji, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake, unaotakiwa ni angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa yale makubwa. Picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa ziwe na kitufe cha kuzisimamisha, au ziondolewe. Picha yenye maana ipewe maelezo mbadala katika msimbo, yatakayotamkwa badala yake, na picha ya pambo iachiwe maelezo matupu ili ipitwe kimya. Kurasa za Kiswahili zitambulishwe katika msimbo kwa sifa ya "lang" yenye thamani "sw", la sivyo programu inaweza kuzisoma kwa matamshi ya Kiingereza, na sentensi iliyoandikwa vizuri ikawa kelele tupu masikioni.

Sasa nirudi kwenye zile njia mbili. Nia ya mkuu wako kutaka tovuti ya pili ni njema, na sipendi umjibu kwa kumpuuza. Shida ni kwamba tovuti ya pili huhitaji mtu wa pili wa kuitunza, nawe tayari u mmoja. Tarehe ya mtihani itabadilishwa kwenye tovuti kuu saa kumi jioni, na ile ndogo itabaki na tarehe ya zamani mpaka mwanafunzi akose mtihani. Tena itakuwa na matangazo bila kuwa na usajili, kwa maana lango la wanafunzi huwezi kulinakili. Na ni nani atakayeelekezwa huko? Mwenye uoni hafifu ambaye hajamwambia mtu yeyote hataelekezwa, wala yule aliyevunjika mkono katikati ya muhula. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizochangamana na jamii kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi yake, na pia haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine zifaazo za mawasiliano. Kumtenga kwenye ukurasa wa pembeni kunakwenda kinyume na moyo wa maneno hayo.

Kitufe cha muuzaji nacho hufanya kazi kwa kuongeza msimbo juu ya ukurasa mgeni anapoufungua. Kinaweza kukuza herufi na kubadili rangi, mambo ambayo simu na kompyuta tayari zinayo katika mipangilio yake. Hakiwezi kulifanya jedwali lililoskaniwa liwe jedwali, wala kujua kwamba sanduku la nne linataka nambari ya cheti cha KCSE na si ya kitambulisho. Kinaweza kukisia tu. Wakati mwingine hugongana na programu ambayo mwanafunzi ameizoea kwa miaka. Nisimdhulumu muuzaji: mtu mwenye uoni hafifu ambaye hajui mipangilio ya simu yake anaweza kufaidika kidogo. Lakini huyo utamsaidia zaidi kwa kumwonyesha mipangilio hiyo, ili aitumie kwenye tovuti zote na si yenu tu. Kuhusu ahadi ya kumaliza tatizo kwa siku moja, mkuu wako ajue kwamba mnamo Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuitaka kampuni moja ya bidhaa za aina hii ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kwamba programu yake ingeweza kuifanya tovuti yoyote itimize miongozo ya ufikivu, yaani ya kutumika na watu wenye ulemavu. Fedha za malipo ya mwaka mmoja zingetosha kuwalipa wanafunzi wenu wajaribu tovuti.

Na hilo la kuwalipa nalisema kwa dhati. Programu za ukaguzi wa bure kama WAVE zitakuonyesha picha zisizo na maelezo, lebo zinazokosekana na rangi hafifu, nazo zinafaa kwa hatua ya kwanza. Hata hivyo, haziwezi kukuambia kama maelezo ya picha yana maana au kama mpangilio wa fomu unaeleweka. Baada ya kurekebisha yanayoonekana, keti na wanafunzi wako, kila mmoja kwa wakati wake, umwombe ajisajili huku wewe ukinyamaza na kuandika anapokwama. Wengine huenda wamepitia shule kama ile ya wasioona ya Kibos hapo Kisumu au Mtakatifu Oda kule Aluor, Siaya, na watakufundisha mengi usiyoyapata kitabuni. Waombe kwa hiari, walipe kama mnavyomlipa mtu yeyote wa kazi ya muda, na usiandike taarifa za ulemavu wao mahali pasipohitajika, maana taarifa za afya ya mtu ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Kipimo cha kufuata kipo, huhitaji kubuni chako. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, ina viwango vitatu, na kile cha kati, AA, ndicho kinacholengwa na taasisi nyingi. Shirika la Ubora wa Bidhaa Kenya, KEBS, nalo lilitoa mwaka 2022 kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Ukiongeza Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, utakuwa na hoja za kutosha mbele ya bodi ya chuo. Usiahidi kwamba mtatimiza kila kipengele muhula huu. Ahidi kwamba mwanafunzi asiyeona ataweza kusoma ada, kujisajili na kulipa bila kumpa mtu nenosiri.

Kuna mambo ambayo hutayaweza peke yako. Lango ni la kampuni ya nje, kwa hiyo waandikie barua rasmi ukieleza kasoro moja baada ya nyingine, ukitaja ukurasa na hatua, na uombe tarehe ya marekebisho. Mkataba utakapofika wakati wa kuhuishwa, sharti la kutimiza KS 2952 au WCAG kiwango cha AA liandikwe ndani yake, na malipo ya mwisho yasubiri jaribio la mwanafunzi anayetumia programu ya kusoma skrini. Mpaka hapo, teua mfanyakazi mmoja katika ofisi ya msimamizi wa wanafunzi ambaye atakaa na mwanafunzi na kumsomea fomu, huku mwanafunzi mwenyewe akiandika nenosiri na PIN kwa mkono wake, au kwa kifaa chake mwenyewe ikiwa mkono haumudu.

Ikiwa mwanafunzi mwenyewe hajui kutumia NVDA au TalkBack, au ameanza kupoteza uoni hivi karibuni, tovuti nzuri peke yake haitamfaa. Huyo aonwe ana kwa ana. Mpelekeni kwa ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, au kituo cha tathmini ya elimu maalumu, EARC, kilicho karibu, na kwa daktari wa macho pale ambapo uoni unabadilika. Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho hakiko mbali nanyi, kina idara ya elimu ya mahitaji maalumu. Waandikieni mkiomba mtu wa kuja kuketi na wafanyakazi wenu. Wewe, kesho asubuhi, anza na faili la ada za muhula huu: liandike upya kama ukurasa wa kawaida, kisha mwombe yule mwanafunzi asiyeona aliyelazimika kutoa nenosiri lake alifungue kwenye simu yake na akwambie anachosikia.